Kura Zilizobaki Shambani

Januari katika Manispaa ya Songea ni mwezi wa palizi. Mvua zimekolea, mahindi yamefika magotini, na hata mwalimu wa Mjimwema au fundi pikipiki wa Bombambili ana kishamba chake kinachomdai jembe kila apatapo nafasi. Ni katika mwezi kama huo, Jumamosi ya Januari 13, 2018, wapiga kura wa Jimbo la Songea Mjini waliitwa vituoni kumchagua mrithi wa Leonidas Gama, mbunge wao na Mkuu wa Mkoa wa Kilimanjaro wa zamani, aliyefariki Novemba 2017.

Siku hiyo hiyo ulifanyika uchaguzi mdogo katika majimbo mengine mawili, na kila jimbo lilikuwa na sababu yake. Songea ilipoteza mbunge kwa kifo. Singida Kaskazini ilimpoteza Lazaro Nyalandu, aliyejitoa CCM mwishoni mwa Oktoba 2017 na kwenda CHADEMA. Longido ilimpoteza Onesmo Nangole wa CHADEMA kwa hukumu ya mahakama iliyofuta ushindi wake. Kifo, kuhama na hukumu: njia tatu za kiti cha ubunge kubaki wazi Tanzania, zote kwa siku moja. Matokeo yakafanana. CCM iliyachukua majimbo yote matatu, na Songea ikampata Damas Ndumbaro, mwanasheria ambaye wapenzi wa soka walimfahamu siku nyingi kabla wapiga kura hawajamfahamu.

CHADEMA na wenzake wengi wa upinzani hawakushiriki. Walikuwa wametoka kwenye uchaguzi mdogo wa madiwani wa Novemba 26, 2017, ambako CCM ilishinda kata 42 kati ya 43, na walilalamikia vurugu na hila. Kwa hiyo mkazi wa Lizaboni aliyekerwa na serikali hakuwa na mpinzani wa maana wa kumpelekea kero yake. Angeweza kumpigia mgombea wa chama tawala, angeweza kumpigia wa chama ambacho hajawahi kukiona mtaani kwake, au angekwenda shambani. Palizi nayo haingoji.

Wachambuzi wa siasa wanapoitaja Songea, na Ruvuma kwa ujumla, huishia kwenye sentensi moja: huko ni CCM. Ushahidi wa haraka upo. Mwaka 2015, upinzani ulipopata kura nyingi kuliko wakati wowote tangu vyama vingi virudi, Ruvuma ilikuwa na majimbo tisa, kuanzia Nyasa hadi Tunduru Kusini, na yote tisa yalibaki CCM. Ajabu ni kwamba mkoa huu umezungukwa na miji iliyoyumba. Upande wa magharibi, Mbeya Mjini ilikuwa ya Joseph Mbilinyi, yule Sugu, tangu 2010. Kaskazini, Iringa Mjini ilikuwa ya Mchungaji Peter Msigwa kwa muda huo huo. Mashariki, baada ya ghasia za gesi za 2013, Mtwara Mjini na Tandahimba zilikwenda CUF mwaka 2015, na Ndanda ikaenda CHADEMA. Songea iko katikati, na barabara za miji yote hiyo zinapitisha mabasi yanayolala stendi yake.

Je, mpiga kura wa Songea ni wa aina yake, mtu asiyebadilika? Hapana. Kosa liko kwenye kipimo. Viti havioneshi kila kinachotokea. Katika utaratibu wetu, anayepata kura nyingi ndiye mshindi hata akizidi kwa kura moja, na chama kinaweza kupoteza maelfu ya watu huku kikihifadhi kiti kilekile. Atakayehesabu viti tu ataiona Songea imesimama. Atakayehesabu watu ataona mengine.

Achukue kalamu, aandike namba za urais za taifa zima. Mwaka 2005 Jakaya Kikwete alipata kura 9,123,952. Miaka mitano baadaye alipata 5,276,827. Zaidi ya kura milioni 3.8 hazikurudi kwake. Zilikwenda wapi? Jibu linalopendwa ni kwamba zilikwenda kwa Dk. Willibrod Slaa wa CHADEMA, kwa kuwa ndiye aliyevuma mwaka ule. Slaa alipata kura 2,271,941, wakati Freeman Mbowe, mgombea wa chama hicho hicho mwaka 2005, alikuwa amepata 668,756. Ongezeko la CHADEMA ni kama milioni 1.6. Lakini Profesa Ibrahim Lipumba wa CUF alishuka kutoka kura milioni 1.3 hadi laki saba kasoro kidogo. Ukiwajumlisha wapinzani hao wawili, walichoongeza ni kama milioni moja tu.

Basi kuna karibu kura milioni tatu ambazo hazionekani kwenye meza ya mtu yeyote. Jibu limo kwenye mahudhurio. Mwaka 2005 zaidi ya asilimia 72 ya waliojiandikisha walipiga kura; mwaka 2010 hawakufika asilimia 43. Huenda baadhi ya waliokuwa wa Kikwete walikwenda kwa Slaa, na baadhi ya vijana wapya waliziba mapengo yao, lakini kundi kubwa kuliko yote halikuvuka upande wowote. Lilikaa nyumbani. Chama kilichoshinda mwaka 2010 kwa kura nyingi kuliko vyote nchini ni chama cha wasiokwenda, nacho hakina ofisi, bendera wala katibu mwenezi.

Hapo ndipo Songea inapoeleweka. Kwenye kilabu cha komoni au penye benchi la kahawa karibu na Soko Kuu, ni nadra kumsikia mtu akisema amehama chama. Utakachosikia ni “safari hii siendi”. Asemaye hivyo anaweza kuwa amevaa fulana ya kampeni ya kijani iliyopauka, ile inayovaliwa kupigia dawa mahindi, huku kanga ya mkewe ikiwa ya uchaguzi uliopita na kofia ya mwanawe ya chama kingine. Nguo za kampeni kusini ni nguo za kazi. Asiyejua hilo akipita mashambani na daftari lake atadhani amefanya utafiti wa maoni.

Kinachomtoa mkulima wa Ruvuma upande mmoja hakifichiki. Mwaka 2017 serikali ilizuia mahindi kuuzwa nje ya nchi yakiwa hayajasagwa. Katika mkoa unaolisha maghala ya Hifadhi ya Taifa ya Chakula, amri ile haikuhitaji mwanasiasa wa kuifafanua. Ilijifafanua yenyewe pale bei ya gunia ilipoporomoka. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya korosho. Serikali ilitangaza itazinunua kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likatumwa kuzisomba, na wakulima wa Tunduru wakaingia katika msimu wa uhakiki na kusubiri malipo. Kisha 2022 ruzuku ya mbolea ikarudi, na mfuko wa kilo hamsini uliokuwa umepaa bei ukashuka hadi karibu shilingi 70,000. Barabara ya lami kutoka Namtumbo hadi Tunduru, ile iliyokuwa ikiwalaza abiria porini msimu wa mvua, nayo ilikamilika. Mambo hayo yote yana uzito wa kura. Katika nchi ambayo kura inahama kwa urahisi, ungeyaona kwenye matokeo kama mistari ya homa kwenye chati ya hospitali.

Uchaguzi mdogo wa Songea Mjini ulifanyika katikati ya machungu ya mahindi. Hakuna aliyeweza kuyapima.

Wakati mpiga kura ametulia, wanasiasa wamekuwa hawatulii, na habari zao ndizo hujaza kurasa za mbele. Julai 2015, Edward Lowassa alipokatwa jina kwenye mbio za kugombea urais kwa CCM, Dodoma, wajumbe watatu wa Kamati Kuu ya CCM walitoka mbele ya waandishi wa habari kujitenga na uamuzi ule: Sophia Simba, Adam Kimbisa na Emmanuel Nchimbi, ambaye kwa miaka kumi alikuwa mbunge wa Songea Mjini. Kabla mwezi haujaisha Lowassa alikuwa CHADEMA, akiwa mgombea wa Ukawa, muungano wa vyama vya upinzani, na mikutano yake ikaitwa mafuriko. Nchimbi hakumfuata. Machi 2017 chama kilimpa onyo kali, Simba akafukuzwa uanachama, Kimbisa akasamehewa. Kwa Nchimbi mambo yalikwenda kimya kimya: ubalozi Brazil, kisha Misri, halafu Januari 2024 ukatibu mkuu wa CCM, na Novemba 2025 akaapishwa kuwa Makamu wa Rais.

Lowassa mwenyewe alirudi CCM Machi 1, 2019. Alikuwa amevuna kura 6,072,848 akiwa upinzani, asilimia 39.97, kiasi ambacho hakuna mpinzani wa urais aliyewahi kukifikia kabla yake. Swali ambalo vyama vyote viwili vimelikwepa ni hili: aliporudi, alirudi na wangapi?

Wapo waliodhani kura humfuata mwanasiasa kama mkia umfuatavyo mbuzi. Kuanzia mwishoni mwa 2017 wabunge na madiwani wa upinzani walijiuzulu mmoja baada ya mwingine “kuunga mkono juhudi” za Rais John Magufuli. Maulid Mtulia wa Kinondoni na Dk. Godwin Mollel wa Siha walihamia CCM Desemba 2017, na Februari 2018 walikuwa wameshachaguliwa tena kwa majimbo yaleyale kwa rangi tofauti. Kwa majirani wa Ruvuma, ng'ambo ya pori la Selous, mbunge wa Liwale Zuberi Kuchauka alifanya safari hiyo hiyo kutoka CUF. Ukitazama viti, huo ni mgeuko mkubwa wa uungwaji mkono. Ukiuliza ni mpiga kura gani aliyebadili mawazo kati ya Desemba na Februari, utakosa wa kumwonesha. Aliyebadilika ni jina kwenye bango.

Namba za 2020 ziliandika hilo kwa wino mzito. Daftari la wapiga kura lilikuwa limeongezeka kutoka watu milioni 23.1 mwaka 2015 hadi milioni 29.7. Pamoja na ongezeko hilo la watu zaidi ya milioni sita, waliopiga kura walipungua, kutoka milioni 15.6 hadi milioni 15.1. Magufuli alitangazwa mshindi kwa asilimia 84, Tundu Lissu wa CHADEMA akipewa 13, na katika majimbo 264 upinzani ukaambulia manane. Sugu alishindwa Mbeya, Msigwa akashindwa Iringa, na karibu kusini yote ikarudi kijani. Wenye kushangilia waliita kimbunga, na wenye kulalamika waliita wizi. Lakini hata anayezikubali hesabu za Tume ya Uchaguzi bila kuuliza chochote anabaki na nusu ya daftari ambayo haikuonekana kituoni.

Kuna mahali pamoja ambapo mpiga kura wa Songea amekuwa akihama kwa miaka mingi bila kubadili rangi ya kadi: ndani ya chama chenyewe. Hili lina mizizi. Mwaka 1965, chini ya chama kimoja, TANU, mzazi wa CCM, iliweka wagombea wawili kwa jimbo, mmoja akipewa alama ya jembe na mwingine nyumba. Wananchi wakaichangamkia nafasi ile. Paul Bomani, Waziri wa Fedha, aliangushwa, na wabunge wengi waliokuwa wakijiona wameshika mpini walirudi nyumbani. Ulikuwa mgeuko wa kura bila chama cha pili.

Kura za maoni za CCM ni mtoto wa jembe na nyumba, ila mtoto huyu amelelewa ovyo. Mwaka 2010 na 2015 wanachama wote waliruhusiwa kupiga kura hizo, na mtaani zilichangamka kuliko uchaguzi wenyewe. Mwenye kadi wa Mfaranyaki alijua kwamba hapo ndipo mbunge anapopatikana. Mwaka 2020 kazi hiyo ikarudishwa kwa wajumbe wa mkutano wa jimbo. Hapo ndipo nchi nzima ilipojifunza kucheka na msemo kwamba wajumbe si watu wazuri, msemo uliozaliwa na wagombea waliohesabu ahadi mia tatu jioni na kura tatu asubuhi. Mwaka 2025 wapiga kura wa ndani waliongezwa, lakini majina yakachujwa kwanza juu kabla ya kuteremshwa. Kila badiliko la kanuni hizi linaamua ni watu wangapi Songea wanaruhusiwa kubadili mawazo. Habari hiyo huishia ukurasa wa tano.

Mkoa huu una historia yake na chama, na si ya utii mtupu. Miaka ya 1960, kijiji cha Litowa kilikuwa kitovu cha Ruvuma Development Association, muungano wa vijiji zaidi ya 15 vilivyolima pamoja, vikaendesha shule yao na kuamua mambo yao kwenye mikutano yao. Mwalimu Nyerere aliwapenda na aliwatembelea. Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU iliupiga marufuku muungano ule na mali yake ikachukuliwa. Ujamaa uliokuwa wa wanakijiji ukawa wa maofisa. Wapo wazee wanaoikumbuka Litowa, na hawakukimbia chama kwa sababu yake. Walibaki, wakajifunza kwamba kuna maamuzi ambayo hayapitii kwao. Mtu aliyejifunza hivyo hahitaji kuhama, anapunguza matarajio.

Ng'ambo ya Ziwa Nyasa mambo ni mengine. Mvuvi wa Mbamba Bay na Liuli anasikia redio za Malawi na ana ndugu upande ule. Februari 2020 mahakama ya Malawi ilifuta uchaguzi wa rais wa mwaka uliotangulia. Juni wakarudia, na Lazarus Chakwera akamshinda Peter Mutharika kwa zaidi ya asilimia 58. Uchumi ukawaelemea, mafuta yakaadimika, mbolea ikapanda, na Septemba 2025 Wamalawi haohao wakamrudisha Mutharika kwa takribani asilimia 57. Walimtoa, wakamrudisha, na Chakwera alikubali kushindwa. Wakulima wa mahindi wa ng'ambo wana shida zilezile za mkulima wa Songea, na si wajanja kumzidi. Tofauti ni kwamba hasira yao ilipata pa kwenda, na mahakama yao ikailinda njia hiyo.

Upande huu wa ziwa, mwaka huo huo, njia ilizibwa mapema. Aprili 9, 2025, Tundu Lissu, mwenyekiti mpya wa CHADEMA, alikamatwa Mbinga, kama kilomita 100 kutoka Songea, baada ya mkutano wa hadhara wa kudai mabadiliko ya mfumo wa uchaguzi. Kesho yake alisomewa shtaka la uhaini Dar es Salaam. Siku chache baadaye Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilisema chama chake hakitashiriki kwa kuwa hakikusaini kanuni za maadili. Luhaga Mpina wa ACT-Wazalendo naye aliondolewa kwenye mbio za urais. Oktoba 29 ilipiga kura nchi iliyozimiwa intaneti, kukiwa na ghasia na vifo, na Rais Samia Suluhu Hassan akatangazwa mshindi kwa asilimia 97.66. Mahudhurio yalitangazwa kuwa asilimia 87. Kwa hesabu za Tume, basi, wapiga kura walikuwa zaidi ya mara mbili ya wale wa 2020. Waangalizi wa Umoja wa Afrika na wa SADC waliandika kwamba uchaguzi ule haukukidhi viwango.

Chama kinachopewa asilimia 97 kimenyang'anywa kitu muhimu: hakiwezi tena kujua kinapendwa kwa nini na kinachukiwa wapi. Mwaka 2010 CCM iliziona kura zake milioni 3.8 zikipotea, ikashtuka, na mengi yaliyofuata, kuanzia kasi ya barabara hadi kumtafuta mgombea asiye na makundi, yalitokana na mshtuko ule. Sasa kengele imekatwa waya. Ofisi ya chama ya mkoa itajuaje kwamba Namtumbo wamechoshwa na bei ya tumbaku, au kwamba Msamala wanakerwa na maji, wakati karatasi zote zinasema ndiyo?

Ipo hatua moja ambayo haihitaji kuandika katiba upya kuanzia ukurasa wa kwanza: kumruhusu mgombea binafsi. Mchungaji Christopher Mtikila, mtu wa Ludewa, mlango wa pili kutoka Ruvuma, alipigania mgombea binafsi tangu vyama vingi vinaanza. Mahakama Kuu ilimpa haki mwaka 2006, Mahakama ya Rufani ikaiondoa mwaka 2010, na Juni 14, 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ikasema kwamba kumlazimisha raia awe na chama ndipo agombee ni kuvunja haki zake. Mtikila alifariki Oktoba 2015, wiki tatu kabla ya uchaguzi. Hukumu ile haijatekelezwa hadi leo.

Mgombea binafsi asingeipindua Songea. Lakini mwalimu wa Mjimwema ambaye mtu wake amekatwa jina kwenye kura za maoni, na ambaye hataki kuvaa rangi ya chama asichokijua, angekuwa na jina la tatu kwenye karatasi. Januari ile ya 2018 angeweza kuliacha jembe kwa saa moja na kwenda kulitafuta.